Niliyojifunza nikikagua koodi ya stringi hapa Mtwara

Nikifungua pachi ya mtu (mabadiliko ya koodi aliyoyaleta) yenye stringi ndani, yani maandishi ambayo programu inayashika, swali langu la kwanza ni hii memori ya nani, yani nani kaiomba na nani atairudisha. La pili ni huu urefu umetoka wapi. Nikishapata majibu ya hayo mawili ndo nasoma mengine, sijui majina ya fanksheni, sijui nafasi za mwanzo wa mstari, hayo yanaweza kungoja. Naandika hapa nilivyofika huko kwa sababu najua vijana wengi huku kusini wanaanza lugha ya C sasa hivi na hawana mtu wa kukaa naye wakasoma pamoja, na mimi mwenyewe isingekuwa koodi ya Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, nisingekuwa na wa kujifunza kwake.

Sisi ni kikundi kidogo tu Mtwara mjini, tunakutana Chikongola kwenye chumba cha nyuma ya duka la steshenari la mwenzetu. Tunatengeneza zana ya kutunza matoleo ya orodha za wakulima, watumiaji ni makarani wa AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, orodha zinabadilika kila siku, huyu kaleta mzigo ghalani, huyu kasahihishiwa jina, yule namba yake ya akaunti ina tarakimu moja imekosewa na mnada umeshapita na hela hazijaingia, sasa anakuja kwa karani kuuliza nani aliandika hivi na lini. Hilo swali Git analijibu vizuri kabisa, toka Linus Torvalds aianzishe Aprili 2005 kwa ajili ya kerneli ya Linux, yani kiini cha mfumo huo, kazi yake ni hiyohiyo, nani kabadilisha mstari gani na mwanzo ulikuwaje. Sisi tunaweka Kiswahili juu yake: karani anabonyeza, zana inaiita git chini kwa chini, inasoma majibu, inamwonyesha. Tumeandika kwa C maana kompyuta nyingi za makarani ni kuukuu na memori yake ndogo.

Sasa zana ya namna hiyo karibu yote ni stringi. Jina la faili ni stringi, ujumbe wa komiti (maelezo ya kila hifadhi) ni stringi, majibu ya git ni stringi moja ndefu ambayo lazima uikatekate. Na C haina stringi ya kwake, ina baiti zilizopangana mpaka ifike baiti ya sifuri, basi. Ukubwa wa hilo eneo haujaandikwa popote, inabidi mtu aukumbuke, na mtu husahau.

Ndo maana nilipoanza kukagua pachi za wenzangu nilienda kwanza kusoma Git wao wanafanyaje. Fungua faili linaitwa strbuf.h, maelezo yamo humohumo ndani, hutafuti kitabu. Wana kitu kidogo kinaitwa strbuf, chenye sehemu tatu: alloc, yani nafasi iliyoombwa, len, yani urefu uliotumika, na buf, pointa ya maandishi yenyewe, yani anwani yake kwenye memori. Ukienda ghalani gunia limeshapimwa na uzito umeandikwa, hakuna anayelirudisha kwenye mizani kila likihamishwa, na len ndo hivyohivyo, urefu unakaa pamoja na mzigo wake, huhitaji kuita strlen tena na tena ihesabu kutoka mwanzo. Afu wana ahadi mbili ambazo hazivunjwi: buf haiwi NULL (pointa isiyoelekeza popote) hata kama stringi ni tupu, na mwisho wa maandishi kuna baiti ya sifuri siku zote. Ahadi hizo mbili zinampunguzia mkaguzi kazi kubwa sana, kwa sababu if nyingi za kuhofia NULL unakuta hazihitajiki na koodi inabaki fupi, unaona kinachofanyika.

Tuliichukua strbuf yenyewe tukaiingiza kwenye zana yetu. Leseni ya Git ni GPL toleo la 2, kwa hiyo na yetu iko chini ya leseni hiyohiyo, hilo tulikubaliana mapema na naomba wengine nao wasiliruke.

Pachi iliyonifundisha zaidi ililetwa na dogo mmoja wa Nanyamba, ana akili na anafanya kazi usiku kucha, alitaka karani akibonyeza Hifadhi faili liongezwe kwenye git. Alikuwa hajaizoea strbuf bado. Akaandika char cmd[256], yani eneo la baiti 256, afu sprintf, inayojaza maandishi humo bila kuangalia ukubwa, ya git add na jina la faili katikati ya alama mbili za nukuu moja ('), afu system(cmd), inayoikabidhi amri kwa shell, programu inayosoma amri na kuzitekeleza. Akajaribu na Mikindani.csv ikaenda, Naliendele.csv ikaenda, Msimbati.csv ikaenda. Akaniletea akiwa na furaha, "Dada, imemaliza."

Nikamwambia mdogo wangu hebu andika Mang'amba.

Shell ikagoma papo hapo. Angalieni kinachotokea: amri inakuwa git add 'Mang'amba.csv', shell inaona alama ya kwanza inafungua, ile ya ng' inafunga, halafu ile ya mwisho inafungua tena na haina wa kuifunga. Na sisi huku ng' imejaa kila mahali, Mang'amba, Ng'apa kule Lindi, majina ya ukoo ya watu, hata siku hiyo kwenye sahani mbele yetu palikuwa na ming'oko. Mtu anayejaribu programu yake kwa majina ya Kizungu hilo halioni mpaka programu inafika kwa karani.

Lakini kugoma ndo nafuu. Hatari ni siku itakapokubali. Jina la faili linaweza kuwa na alama ya kufunga, nukta-mkato, amri ya kufuta folda, na alama nyingine ya kufungua, shell itaifanya amri hiyo kwa utiifu wote kama vile karani ndo kaiagiza. Mafaili mengine tunaletewa kwa flashi kutoka vijijini, hatujui yamepitia kompyuta ngapi.

Git nao walikutana na hili na jibu lao lipo kwenye quote.c. Wana fanksheni za sq_quote, na juu yake kuna jedwali dogo kwenye maelezo linaloonyesha a'b inageuka kuwa 'a'\''b', yani unafunga, unaweka alama moja iliyokingwa kwa mkwaju wa nyuma, unafungua tena. Hata alama ya mshangao wanaikinga. Dogo alitaka aiige hiyo na ningeweza kumkubalia, ni sahihi, ila nikamwonyesha kwamba Git wenyewe wakiita programu nyingine mara nyingi hawapitii shell kabisa. Wanajaza orodha ya maneno kwa strvec_push, neno mojamoja, wanaikabidhi kwa run_command, na jina la faili linafika upande wa pili likiwa zima kama lilivyo kwa sababu hakuna mtu katikati wa kulitafsiri. (Zamani hiyo strvec iliitwa argv_array, ilibadilishwa jina 2020, msishangae mkikuta maelezo ya zamani.) Sisi tukafanya kwa execvp, inayoendesha programu moja kwa moja bila shell, na safu ya pointa. Na ukiweka vistari viwili kabla ya jina, git add -- jina, hata faili linaloanza na kistari halitadhaniwa ni chaguo.

Bado ile 256. Hapa naomba mnielewe, watu wengi wanaikagua hii kwa kuuliza 256 inatosha au haitoshi, wanajadili weee wanaishia 512. Swali sahihi ni nani kasema 256. Kama jibu ni "nimekadiria", basi iondoke. Git walifika mahali wakachoka kuliuliza hilo kila pachi, 2018 wakaweka faili linaitwa banned.h, ndani yake strcpy, strcat, sprintf, strncpy na ndugu zake zimepigwa marufuku, ukizitumia kompaila (programu inayogeuza koodi kuwa ya mashine) inasimama na kukupa jina refu la sorry_sprintf_is_a_banned_function. Napenda sana uamuzi ule. Kitu ambacho mashine inaweza kukikataa mkaguzi asipoteze nguvu zake nacho, nguvu zake azipeleke kwenye yale ambayo mashine haiyaoni. Tuliweka banned.h yetu wiki hiyohiyo, na watu huwa wanashangaa strncpy imefanya nini, si ndo ile salama? Hapana, maandishi yakijaa kikomo haiweki sifuri ya mwisho, kwa hiyo unapata stringi isiyo na mwisho, na yakiwa mafupi inajaza masifuri mpaka ukingoni bila sababu.

Kuna koodi ya Git yenyewe iliyoumia kwa mambo haya na nasoma hizo habari kwa makini kuliko mafunzo yoyote. Januari 2023 walitoa toleo la 2.39.1 kuziba matundu mawili makubwa, moja lina namba CVE-2022-41903 (CVE ni orodha ya matundu ya usalama yanayojulikana). Mahali pa kupanga maandishi ya git log kwa nafasi za pembeni, urefu ambao ni size_t, aina ya namba ya kubebea ukubwa isiyo na hasi, uliwekwa kwenye int, namba nzima ya kawaida. Int ya kawaida inaishia 2147483647, ukizidi hapo inageuka hasi, afu ile hasi ikatumika kuonyesha wapi pa kuandika kwenye memori. Hiyo ni koodi iliyosomwa na watu hodari kwa miaka. Aprili mwaka huohuo wakatoa 2.40.1, humo kuna CVE-2023-29007, pale unapobadilisha jina la sehemu au kuifuta kwenye faili la mipangilio palikuwa na bafa (eneo la muda la maandishi) ya herufi 1024, mstari ukizidi hapo unasomwa vipande viwili, na kipande cha pili kikianza na mabano kinadhaniwa ni sehemu mpya, kwa hiyo mtu mbaya anaweza kukupandikizia mipangilio yake. Walichofanya ni kuiondoa ile bafa wakaweka strbuf.

Toka nisome hizo mbili nikiona int imebeba urefu nasimama. Najua kwa orodha ya kijiji hatufiki gigabaiti mbili, wenzangu huwa wananiambia hivo. Jibu langu ni kwamba koodi itanakiliwa kwenda mahali pengine ambako itafika, na kuandika size_t hakuongezi gharama.

Haya, dogo akaandika upya kwa strbuf, na hapa ndo lilipokuja lile gumu ambalo macho ya haraka hayalioni. Alikuwa anachukua mstari mmoja wa majibu ya git status --porcelain, yani orodha ya mafaili yaliyobadilika kwa muundo wa kusomwa na programu, anaunakili kwa strbuf_addstr, halafu kwa kuwa jina linaanza baada ya herufi tatu za mwanzo akaweka pointa, const char *jina = mstari.buf + 3. Mistari michache chini anaongeza .bak kwenye mstari uleule kwa strbuf_addstr, halafu chini zaidi anaitumia tena ile jina. Ikafanya kazi, kila mara.

Ilifanya kazi kwa sababu ya bahati yenye hesabu. Strbuf ikiwa tupu na ukaiongezea kitu kifupi inaomba baiti 24 kwa kuanzia, kanuni yao ni nafasi iliyopo jumlisha 16, zidisha 3, gawanya kwa 2. Mstari wa Mikindani.csv pamoja na zile tatu ni herufi 16, ongeza .bak zinakuwa 20, na sifuri ya mwisho 21, bado imo, kwa hiyo memori haikuhama na pointa ikabaki halali. Tukampa Naliendele-msimu-mpya.csv. Hapo mstari ni herufi 28, nafasi inaombwa 29 kamili, ukiongeza .bak lazima nafasi nyingine iombwe, maandishi yanahamia kwingine na jina inabaki inaelekeza mahali ambapo si pake tena. Tulikuwa tumekompaili na -fsanitize=address, chaguo la kukamata makosa ya memori, ikapiga kelele heap-use-after-free, yani memori imetumika baada ya kuachiwa, na mstari ikautaja.

Dogo akakaa kimya kidogo afu akauliza, "Sasa dada wewe uliijuaje kabla ya kuiendesha?" Nikamwambia nilikuwa nafuata mwenye mali. Ile memori mwenyewe ni strbuf, wewe ulikopa pointa ndani yake, na mkopo wako unakwisha pale mwenyewe anapoguswa kwa kuongezwa chochote. Kwa hiyo nikiona .buf imehifadhiwa kwenye pointa nyingine naweka kidole hapo nashuka chini, nikikutana na strbuf_add yoyote kabla ya matumizi ya mwisho nasimamisha. Dawa zipo mbili, hifadhi namba ya nafasi badala ya pointa, au tumia jina lote kwanza ndo uongeze.

Kwa njia hiyohiyo unakamata na za kuvuja. Fanksheni ikiwa na return katikati, uliza strbuf iliyofunguliwa juu inaachiwa na nani, Git huwa wanapeleka njia zote kwenye lebo moja ya chini kwa goto, amri ya kuruka, na huko ndo panaitwa strbuf_release, walimu wengi wanakataza goto ila kwa kazi hii ni safi na inasomeka. Ukikuta strbuf_detach maana yake umiliki umehama, sasa aliyeita ndo anadaiwa free, yani kuirudisha memori, nenda kamwangalie huyo aliyeita, usiishie kwenye pachi tu. Kwenye kitanzi tumia strbuf_reset, inarudisha urefu kuwa sifuri na nafasi inabaki, halafu release mwishoni. Na strbuf_addf isipewe kamwe maandishi ya mtumiaji kama fomati yake, mkulima akiandikwa na alama ya asilimia kwenye maelezo zana inaweza kuanguka, strbuf_addstr ipo kwa kazi hiyo.

Mafaili yanayotoka Excel yana mambo yake, baiti tatu za BOM (alama ya aina ya maandishi) mwanzoni, na mwisho wa kila mstari baiti ya CR kabla ya LF, ile ya kawaida ya kumaliza mstari, Git wana skip_utf8_bom na strbuf_getline inayoondoa CR pamoja na LF, tumia hizo usiandike zako.

Kilichotupa kazi ndefu zaidi kilitoka upande wa Lindi. Karani mmoja mtu mzima alipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Binti, kijiji changu kimegeuka namba." Kwenye orodha ya mafaili yaliyobadilika ilikuwa imeandikwa "Ng\342\200\231apa.csv". Faili lilitengenezwa kwenye simu, na simu nyingi ukiandika ng' inakuwekea ile alama iliyopinda, ambayo kwenye UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti tatu, na Git kwa kawaida yake ikikuta baiti zisizo za ASCII (herufi za kawaida za Kiingereza) kwenye jina la faili inaliweka jina lote ndani ya nukuu na baiti hizo inaziandika kwa tarakimu za okta, yani hesabu ya nane. Hakuna kilichoharibika kule ndani, jina limehifadhiwa vilevile baiti kwa baiti, ila zana yetu ilisoma yale maandishi ya kuonyesha watu kana kwamba ndo jina lenyewe.

Mwenzetu mmoja akaleta pachi ya kuzigeuza zile tarakimu kurudi kuwa herufi, kitanzi kirefu kidogo, kimeandikwa vizuri. Niliikataa, na nilimweleza kwa upole kwa sababu kazi ilikuwa imemchukua usiku na umeme ulimkatikia katikati. Sababu yangu ni kwamba ukimwomba Git majibu kwa chaguo la -z hakuna nukuu wala tarakimu hata moja, kila jina linakuja kama lilivyo na linaishia kwa baiti ya sifuri, ambayo haiwezi kuwemo ndani ya jina la faili. Koodi ya kufungua nukuu ni koodi ambayo tungeikagua milele. Tahadhari moja tu, ukitumia -z kwenye porcelain faili lililobadilishwa jina linakuja jipya kwanza halafu la zamani, kinyume na lilivyo bila -z, na hilo tuliliandikia jaribio lake.

Sasa tuna Ng'apa mbili, ya alama iliyonyooka na ya alama iliyopinda, kwa macho ni kijiji kimoja na kwa Git ni mafaili mawili. Kwenye kikundi wengi walitaka tuzigeuze zote kuwa nyoofu mara faili linapoingia. Mimi nilipinga na bado napinga, jina la faili ni la aliyeliandika, zana ya kutunza matoleo ikianza kubadilisha baiti za mtu kimyakimya basi hata ile historia tunayomwonyesha mkulima haina uzito. Ila hoja yao kwamba karani atachanganyikiwa ni ya kweli, nilimsikia mzee yule kwenye simu. Tulichokubaliana ni kwamba jina linahifadhiwa kama lilivyo, kwenye kutafuta tu ndo tunalinganisha nakala zilizonyooshwa, na karani akitengeneza faili ambalo nakala yake inafanana na lililopo zana inamwuliza kwanza kama ni kijiji kilekile au kingine, anajibu mwenyewe. Pachi hiyo kaiandika dogo wa Nanyamba, nimeirudisha mara moja tu, kwa sababu ya int moja.